Mlango wa Dungu la Balbina

Mtu wa kwanza kumwita mtoto wa kaka yangu Ubapa alikuwa Stumai, jirani yetu wa hapa Lipangalala, Ifakara, na alilisema bombani mbele ya wanawake wote waliopanga ndoo. "Mleteni Ubapa naye tumwone," akasema, akacheka hadi akashika kiuno. Niliimwaga ndoo yake. Sijutii. Mtoto ana jina, anaitwa Amedeus, amebatizwa, na kama upande mmoja wa kisogo chake ulikuwa bapa kama panga, hilo halikuwa shauri la Stumai.

Lakini nisimtwishe Stumai kila kitu. Mwaka ule nilikuwa na watu wengi wa kuwakasirikia, na wengine ni damu yangu.

Ninayetaka kumweleza ni mama wa mtoto huyo, wifi yangu Balbina. Alizaliwa Masagati, kule mbele ya Mlimba, ambako masika barabara ikikatika imekatika. Kaka yangu Fidelis alikwenda huko kununua mpunga, akarudi na mpunga kidogo na mchumba. Ni mwanamke mfupi, mkakamavu, asiyependa maneno. Ukimtukana anakutazama tu, halafu anaendelea na kazi yake. Mimi nashona kwa cherehani barazani na hujibizana na kila apitaye, kwa hiyo mwanzoni nilimwona ana kiburi. Baadaye nikamwelewa. Balbina akikerwa hasemi. Anachukua jembe, au ufagio, au panga, na ukirudi unakuta kitu hakipo kama ulivyokiacha.

Amedeus alizaliwa mpunga ukiwa mchanga bondeni. Ulipoanza kutoa masuke, kwelea wakaja, na kwelea hawana habari na mwanamke aliyejifungua. Huku kwetu wakati huo watu wanahamia shambani: sufuria, mikeka, kuku, na mtoto mgongoni. Unakaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, sakafu ya fito na paa la nyasi, na kuanzia alfajiri unaamia ndege kwa kombeo, kwa kelele, na kwa kamba iliyofungwa makopo. Dungu la Balbina lilikuwa refu na jembamba. Mlango na ngazi yake vilikuwa kwenye ncha moja. Upande mrefu mmoja ulikuwa wazi kuelekea mpunga, na kwingine kote kulikuwa na ukuta wa nyasi.

Mtoto alilazwa chali juu ya mkeka, kichwa upande wa mlango, miguu ndani. Kwa hiyo uwazi ulikuwa kuliani kwake. Kulia kulikuwa na mwanga, kulia kulikuwa na makopo yanayogongana, na kulia ndiko ilikotoka sauti ya mama yake akifukuza ndege. Ungekuwa wewe ungetazama wapi? Ukuta?

Niligundua mimi, siku Balbina alipomleta mjini kwa kliniki nami nikamwogesha. Kiganja changu kilikwenda kushika kisogo, kikakuta tambarare, kuliani. Sikio la upande huo lilikuwa limesogea mbele kidogo. Nikajaribu kumgeuza kidevu kuelekea kushoto, akalia kilio cha maumivu.

"Wifi, umeliona hili?" nikauliza.

"Nimeliona," akasema. "Nilikuwa nasubiri mtu mwingine alione, nijue si macho yangu."

Hapo ndipo kila mtu akawa daktari. Mama yangu, Levina, alitaka kitambaa cha maji ya moto. Kichwa kikandwe, kisukumwe kwa viganja, kisha kifungwe kwa upande wa khanga hadi kishike umbo. "Ninyi wote niliwakanda, na vichwa vyenu vimekaa," akasema. Fidelis naye alitoa simu akatuonyesha watoto wa Ulaya waliovaa kofia ngumu za rangi rangi, akasema muuza duka mmoja wa hapa mjini, Obadia, anaziagiza. Mama anamshika mtoto kichwa, Fidelis ananyoosha simu, na Balbina ambaye ndiye aliyemzaa hakuna aliyemuuliza. Nilitamani kuwapiga vibao wote wawili.

Balbina alimfunga mtoto mgongoni akaenda hospitali. Nilimfuata, na mama akatufuata akilalamika njia nzima.

Katika chumba cha mazoezi ya viungo tulipokewa na binti mmoja, Rosemery. "Shikamoo bibi," akamwambia mama kwanza, na mama akaitikia marahaba kwa kununa. Rosemery akampapasa mtoto kichwa polepole, akampima shingo. Akasema ubongo hauna tatizo, kichwa kinakua. Shida ni kwamba msuli mmoja wa shingo umekaza kwa kutazama upande mmoja tu, na mifupa ya kichwa cha mtoto bado ni laini, inafuata inakolalia.

"Tumfunge?" mama akauliza.

"Hapana, bibi. Wala kumkandamiza. Mtamuumiza."

"Na kofia?" nikauliza mimi, kwa ajili ya Fidelis.

Akasema kofia za kweli zipo, hutengenezwa kwa vipimo vya mtoto mwenyewe, na ni kwa baadhi tu ya watoto. Huyu alikuwa bado mdogo, kichwa kingeweza kurudi bila kofia, ila muda haukuwa mrefu, kwa sababu mifupa hukomaa. Akamwonyesha Balbina namna ya kuinyoosha ile shingo taratibu. Alazwe kifudifudi akiwa macho, mtu akiwa pembeni yake. Abebwe sana. Usingizi uwe wa chali kama kawaida, ila ageuzwe, kichwa kikae kulikokuwa na miguu, ili mwanga na sauti vimvute kushoto.

Balbina aliuliza swali moja tu: "Na akibaki hivi?"

"Msipolegea, kitarudi."

Wakarudi bondeni, na mama akaenda nao kusaidia kazi. Balbina alifuata kila alichoambiwa. Nimeona kwa macho yangu anavyomnyoosha mtoto shingo huku akimwimbia, mtoto analia, na yeye mwenyewe machozi yanamdondoka bila kuacha kuimba. Kila alfajiri, kabla ya kushuka, alimlaza kichwa ndani, miguu mlangoni, uwazi ukiwa kushotoni kwake.

Tuliporudi hospitali, Rosemery alipapasa, akapima. Akapima tena.

"Mama Amedeus, mnamgeuza kweli?"

"Namgeuza."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Kwa sababu hakuna kilichobadilika." Akasema safari ijayo ikiwa hivi hivi, itabidi atuandikie twende Dar es Salaam kwa mabingwa.

Hakusema kwa ubaya. Lakini nilimwona Balbina akipokea lile swali mbele ya mama mkwe wake, mwanamke asiyejua kudanganya akiulizwa kama anadanganya, na damu ikanichemka. Mama alikuwa ameketi palepale kwenye benchi, anatazama dirishani.

Nyumbani ikawa balaa. Fidelis akapiga kelele kwamba mke wake anajali kwelea kuliko mtoto. Mpunga anaokula yeye! Kesho yake akauza baiskeli, ambayo ndiyo Balbina alikuwa akiendea shambani, akanunua kofia kwa Obadia. Nikaishika. Ilikuwa kofia ya plastiki ya mtoto wa kuendesha baiskeli, imebandikwa sponji ndani. Nilimwambia Fidelis yeye ni mjinga, nikamwambia na wa ukoo gani, nikasahau kwamba ukoo ni wetu sote. Akamvalisha mtoto hivyo hivyo. Kwa joto la Ifakara! Haukupita muda mrefu kichwa kizima kikajaa vipele, mtoto hanyonyi, hasinzii.

Balbina aliivua. Akarudi bondeni kwa miguu, mtoto mgongoni na kofia mkononi, mama akimfuata, na nilipokwenda kumtembelea niliikuta imevalishwa kijiti katikati ya mpunga, inatishia ndege. Angalau huko ilifanya kazi.

Nilikwenda asubuhi, kwa bodaboda na kisha kwa miguu kwenye matuta. Nilikuwa nimeamua kukaa naye hadi mavuno na kumgeuza mtoto mimi mwenyewe ikibidi. Balbina nilimsikia mbali upande wa chini, anavuta makopo na kupiga kelele. Nikapanda ngazi kimya nisimwamshe mtoto. Kichwa changu kilipofika sawa na sakafu, nikamwona mama yangu amepiga magoti juu ya mkeka. Alikuwa amemwinua Amedeus kwa mikono miwili, anamzungusha. Akamlaza kichwa mlangoni, miguu ndani. Akamfunika, akampangusa mate, akakaa.

"Mama!"

Akashtuka nusura aanguke.

"Unafanya nini, mama?"

"Nyamaza, utamwamsha."

"Unamgeuza! Unamgeuza kila siku, halafu ukimsikia mwenzio anarudi unamrudisha! Tumekaa pale hospitali, mwenzio anaulizwa kama mwongo, na wewe umekaa kwenye benchi unatazama dirisha!"

Nilisema mengi. Mengine hayaandikiki, na niliyasema kwa mama yangu mzazi. Hata sasa nikikumbuka lile benchi, moyo unanipanda.

Mama hakukana. Alisubiri nikaishiwa pumzi.

"Miguu mlangoni ni ya maiti," akasema. "Maiti ndiye anatolewa miguu mbele. Mtoto mzima halazwi hivyo."

"Nani kakwambia?"

"Beno alilala hivyo."

Beno ni kaka yangu aliyenitangulia. Nilijua kwamba alikuwepo na kwamba alikufa mdogo, basi. Kwetu jina lake hutajwa kwenye misa ya marehemu tu.

"Dungu lilikuwa linavuja," mama akasema, hanitazami. "Nikamgeuza asilowe, miguu ikaja mlangoni. Asubuhi homa, mchana degedege. Baba yenu alimshusha kwenye ngazi miguu ikitangulia, kama nilivyomlaza. Usiniambie na huyu nimlaze hivyo. Nilimwona binti wa hospitali anasema, na nilijua anasema kweli, na mikono yangu ikakataa."

Hasira yangu haikuisha, nisidanganye. Homa ni homa, haiangalii mlango.

Nilipogeuka, Balbina alikuwa amesimama chini ya ngazi, kombeo begani. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi. Uso wake ulikuwa umebadilika, midomo imebana, na kwa mara ya kwanza nikamwogopa. Akapanda. Akamtazama mama mkwe wake.

"Mama, ungeniambia."

"Ungenisikiliza?"

Balbina akaingiza mkono chini ya paa akachomoa panga. Mama alishika mdomo. Mimi nikasema, "Wifi, wifi," kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo.

Alimpokeza mama mtoto. Akatembea hadi ncha ya pili ya dungu, kule ndani kusikokuwa na mlango, akaanza kuukata ukuta. Alikata kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwa mtu anayefanya kazi ya maana. Nyasi ziliruka, fito zilivunjika, vumbi lilitufunika sote, na kila pigo alitoa sauti kooni. Yale yote ambayo hakumjibu Stumai, hakumjibu Fidelis, hakumjibu Rosemery, yaliishia kwenye ule ukuta. Mtoto alilia, mama alilia, kwelea wakashuka wakala mpunga wetu na hakuna aliyewajali.

Tundu lilipotosha mtu kupita, akashuka, akaing'oa ngazi mlangoni, akaizungusha hadi kule alikokata. Kisha akakusanya zile nyasi akaziba mlango wa zamani kwa kamba, akakaza hadi mwanga ukakatika.

Akarudi kwa ngazi, jasho linamtiririka.

"Mama," akasema, "mlango uko huku sasa. Kichwa kikae huku. Mlaze mwenyewe."

Mama alikaa na mtoto mapajani. Alitazama mlango mpya, akatazama ule uliozibwa. Kisha akamlaza Amedeus kichwa kwenye mlango mpya, miguu ukutani, na uwazi wa shamba ukawa kushotoni kwake. Makopo yalipogongana kwa upepo, mtoto alianza kugeuza shingo. Ilimuuma, akakunja uso, akaendelea. Mama akashuka mpungani na kuanza kumwita kwa upande huo, akipiga makofi.

Tangu siku hiyo kazi ile ilikuwa ya mama. Alimlaza, alimnyoosha, alimweka kifudifudi mapajani na kumsimulia habari za Mahenge za zamani, na mtu akitaka kumbeba kwa mkono usiofaa alifokewa.

Baada ya mavuno tulirudi hospitali. Rosemery alipapasa kisogo, akampima shingo kushoto na kulia, akapapasa tena. Akasema bado kuna ubapa kidogo, labda nywele zitauficha, lakini kichwa kinarudi na Dar es Salaam hatuendi tena. Fidelis alikuwepo, ametazama sakafu, na bado hana baiskeli.

"Kazi nzuri sana," Rosemery akasema. "Nani aliyekuwa anamgeuza?"

Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari. Nilikuwa nimelisubiri swali hilo miezi, nimeshapanga maneno yangu, nani aligeuza na nani alirudisha, na ningeyasema yote mbele ya benchi lilelile.

"Bibi yake," Balbina akasema.

Mama akainama haraka, akajifanya anamrekebisha mtoto soksi. Mtoto hakuwa na soksi.