Mama Alipoifukuza Ndege

Kaka yangu alikuwa mwembamba sana. Utotoni tulimwita Tiara, maana upepo ukivuma tulihofia utaondoka naye. Jina likamfuata hadi jeshini, alikofuzu urubani akiwa na miaka ishirini na mbili. Vita vikamchukua mwaka uliofuata. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Mimi mdogo wake nasema hivyo kila asubuhi, na ikifika mchana najikuta nacheka peke yangu kwa sababu ya ile wiki aliyoahidi kupita juu ya nyumba yetu.

Alipiga simu kwamba Alhamisi atapita na ndege ya mazoezi, nasi tutandike kitu cheupe juu ya paa ili atutambue. Mama ni mtu wa kufika kituoni kabla basi halijaoshwa, kwa hiyo alianza Jumatano, eti afanye majaribio. Baba ni fundi cherehani. Mama alibeba jora zima la kitambaa cha sare za wauguzi, akapanda ngazi, akalitandaza juu ya bati. Baba alilalamika kwamba kile ni kitambaa cha watu. Akaambiwa ashike ngazi.

Haukupita muda ndege ikatokea. Mama akaanza kurukaruka huko juu, akimsifu mwanawe kwa kuwahi kama yeye. Hatukujua kwamba wiki hiyo wakulima wa jirani walikuwa wameambiwa watandike vitambaa vyeupe penye nzige. Ndege ikashuka, ikatulenga barabara, ikatumwagia dawa. Kitambaa, mama, baba na ngazi, wote wakawa njano. Tulioga mara tatu. Nzige hatukuwa naye hata mmoja.

Alhamisi mama alikuwa uani akifua kitambaa kile aliposikia mngurumo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alivua kandambili, akairusha angani kwa nguvu zake zote, akakumbatia kitambaa chake na kukimbilia jikoni, akafunga mlango kwa komeo. Ni mimi niliyeiona ndege ikiinamisha bawa la kulia, kisha la kushoto, halafu ikaenda zake. Nilipomwambia mama yule alikuwa nani, aliketi sakafuni na kitambaa chake kibichi mapajani.

Kaka hakupata likizo tena. Simu zake zilikuwa fupi, na mama aliona haya kuligusa jambo lile. Miezi mitano baadaye maofisa wawili walibisha hodi wakiwa na barua.

Siku ya ibada ya kumbukumbu mama aligoma kuvaa. Mchungaji alimsihi, shangazi akamsihi. Jibu lake lilikuwa lilelile: mtoto alikuja kumuaga, naye akamfukuza kama mwizi wa kuku, sasa aende kanisani na uso gani?

Ndipo fundi wa ndege wa kikosi chake, kijana aliyekuja kuleta salamu za wenzake, akaomba kuingia chumbani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Samahani, wewe ndiye wa kandambili?"

Mama aligeuka akamtazama.

"Siku ile alitua anacheka mpaka mkanda nikamfungulia mimi. Aliniambia, 'Nimemwona mama yangu. Hajazeeka hata kidogo. Bado anarusha kwa nguvu, na bado analenga kushoto.'"

"Kushoto? Mimi?"

"Ndivyo alivyosema, mama."

"Muongo huyo. Upepo ndio ulioipeleka."

Akaanza kucheka, machozi yakimtiririka, mpaka akashika mbavu. Kisha akanyoosha mkono nimpe gauni.

Kanisani alisimama kabla hajaitwa, akasimulia yote, hata habari za nzige. Kwaya ilicheka, maofisa wakacheka. Mchungaji alijaribu mara mbili kuanza sala, akashindwa, akavua miwani na kuipangusa kwa joho. Mama alirudi kuketi kando yangu, akanishika mkono.

"Aliniona," akasema. "Haya, inama tumwombee."