Saa Moja na Dakika Ishirini

Baba aliendesha malori ya mizigo kati ya Sumbawanga na Kasesya kwa miaka mingi. Hata alipowaachia wengine usukani alibaki na mwiko wake: gari likishatajiwa saa ya kufika, anayelingoja hatoki nyumbani mpaka liingie uani. Harusi ngapi zilimpita kwa ajili hiyo! Mama alikuwa akisema yeye ni mke mdogo, mke mkubwa ni lori.

Mwaka juzi figo za baba zikachoka. Daktari wa hapa mjini akaandika rufaa ya kwenda hospitali ya Mbeya, akatuonya tusikawie. Gari lilikuwa tayari na nguo nimeshazikunja, baba alipouliza habari za kaka yangu, fundi wa mitambo kwenye mgodi huko Mongolia, aliyekuwa amepata ruhusa ya kuja kumwona.

Kaka alikuwa ameniandikia kwamba atatoka penye kiwanja kidogo cha ndege karibu na mgodi hadi kingine kilicho mpakani mwa nchi hiyo, ndipo apate ndege kubwa. Mimi mjuaji wa simu nikaviandika viwanja vyote viwili mtandaoni. Ukurasa ukanipa kilomita, ukanipa na muda wa kuruka: saa moja na dakika ishirini. Nikamsomea baba kwa sauti, tena kwa furaha, nikaongeza la kwangu kwamba keshokutwa kaka atakuwa hapa nyumbani, Mazwi.

"Basi Mbeya itangoja," baba akasema. "Mtoto hawezi kutoka huko kote aje akute kitanda kitupu."

Nilimbembeleza, mama akalia, ami akaja kumgombeza. Hakusogea.

Jioni kaka akapiga simu. Kati ya viwanja vile hakuna ndege inayokwenda. Ule ukurasa ulipima tu anga, kama mtu anayepima ramani kwa rula. Yeye alikuwa garini, jangwani, theluji imeziba njia, na hakujua atatokea lini. Mimi binti wa dereva, niliyekua nikijua kwamba kilomita si safari, nilikuwa nimeamini namba. Nikaingia chumbani nimwambie baba. Alikuwa ameshanyolewa ndevu, amevaa kanzu ya Ijumaa, uso ameuelekeza mlangoni. Nikaogopa. Nikasema yuko njiani, nao haukuwa uongo.

Alikaa hivyo siku nne. Siku ya tano, baada ya alasiri, akafariki. Tulimzika kesho yake asubuhi.

Kaka alifika siku ya tatu ya msiba, macho yamevimba. Akaniita pembeni.

"Mdogo wangu, kwa nini hamkumpeleka Mbeya?"

"Alikuwa anakungoja wewe," nikamjibu.

Akakaa chini palepale kwenye vumbi. Baadaye aliingia ndani akamwomba mama msamaha kwa kuchelewa, akamwomba ami, kisha akaja kwangu akanishika mikono. Nikamwambia nimemsamehe.