Sufuria Ndefu ya Daktari

Nilipoolewa Nkome nilifika na sifa moja tu, nayo ilikuwa ya kusugua sufuria. Kwetu Kagongwa mabibi waliokuja kumtazama binti hawakujisumbua kuuliza kama anajua kupika. Waligeuza sufuria za mama yake na kutazama vitako. Mama alinifundisha kusugua kwa majivu yaliyochekechwa, mchanga laini na majani ya msasa yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, ndani na nje, mpaka nione meno yangu mwenyewe. Nakiri nilijivuna. Wasichana wenzangu walijivunia sauti na viuno, mimi nilikuwa na vitako vya sufuria.

Mama mkwe wangu hakuvutiwa hata kidogo. Wiki ya kwanza nilisugua sufuria zake zote nane, nikazipanga juu ya kichanja, zikawaka mpaka kuku wakahama upande ule wa uwanja. Akainua moja, akaielekeza juani, akaigonga kwa kucha, akairudisha.

"Mgeni anapenda kazi," akasema.

Mgeni! Miezi saba baada ya ndoa bado nilikuwa mgeni. "Mgeni ameamka?" "Mpeni mgeni kigoda." Mgeni hapewi ufunguo wa ghala wala hatumwi kwa jirani, na likizuka jambo la nyumbani watu humsubiri aende kuteka maji ndipo waliongee. Kila asubuhi nilipiga goti nikasema shikamoo mama, naye akaitikia marahaba kama mtu anayepokea barua ya serikali. Nilikuwa tayari kufanya lolote ili siku moja aniite mkwe wake, na mimi nikisema lolote huwa sitanii.

Mume wangu alikuwa mtunzaji wa mashua ya tanga ya daktari mmoja wa misheni, mzungu mrefu mwenye magoti mekundu. Kibarua hicho ndicho kilichotuweka mjini, na mama mkwe alikitaja kwa majirani mara nyingi kuliko alivyotaja majina ya watoto wake. Mashua ile ilikuja vipande vipande kwa treni mpaka Isaka, halafu kwa lori mpaka ziwani kwetu. Mlingoti wake, pamoja na mti ule wa chini unaoshika tanga, ulikuwa wa njano ya kung'aa. Lori lilipokatiza Geita, habari zikalitangulia kwamba daktari ana nguzo za dhahabu. Mchimbaji mmoja mzee alitoka huko kwa baiskeli, mwendo wa siku nzima, kuja kuing'ata. Aliing'ata, akatema mate, akatangaza kuwa ni dhahabu kweli ila bado changa.

Mimi nilicheka. Niliugonga mlingoti kwa kifundo cha kidole mara moja tu, nikajua. Mlio ule nimekua nao. Hii ilikuwa alumini, ndugu ya sufuria zangu, na ajabu yangu pekee ilikuwa jinsi mzungu mwenye elimu yote ile alivyoiacha ikawa njano. Sufuria ikichemshiwa chai miaka mingi bila kusuguliwa vizuri hugeuka njano hivyohivyo. Kwa mtu wa sufuria, alumini ya njano ni alumini chafu. Nilimwonea huruma daktari, maana hakuwa na mke.

Mwaka ule daktari alikwenda kwao likizo ndefu, miti yake ikabaki imelazwa juu ya magogo kando ya nyumba yetu. Jua la Nkome halichezi. Upande uliotazama juu ulichujuka ukawa rangi ya chai ya maziwa iliyoongezwa maji kwa sababu wageni wamezidi. Kisha barua ikafika, na mume wangu akaisoma kwa sauti mbele yetu sote: daktari anarudi Jumamosi, anaomba miti yake ioshwe kwa sabuni na kitambaa laini, ipakwe nta, na isiguswe na kitu kingine chochote.

Sabuni! Miaka ile duka la ushirika lilikuwa na rafu nzuri na muuzaji mpole, basi. Mume wangu akaamua kwenda Ushirombo kwa watu wanaofuga nyuki akatafute nta, na njiani aulizie sabuni kila mahali. Kabla ya kuondoka alimwomba mama yake miti iangaliwe.

"Usiwe na wasiwasi," mama mkwe akasema. "Mgeni atakaa kivulini aitazame."

Nilikaa kivulini nikaitazama siku moja. Siku ya pili damu ilinichemka. Nilijiambia kwamba daktari ametaja sabuni kwa kuwa hajawahi kusikia habari za majivu, masikini, na kwamba mume wangu akirudi mikono mitupu ni mimi nitakayeokoa nyumba hii. Mama mkwe alipokwenda mwaloni kununua dagaa, nilichekecha majivu, nikayalowanisha, nikachuma msasa, nikakata ndimu mbili. Nilianza na ule mti wa chini kwa sababu ulikuwa mfupi.

Ulitoa maji meusi, nikafurahi, maana sufuria nayo huanza hivyo. Baadaye njano ikaanza kutoka, nikafurahi zaidi. Nilisugua huku naimba. Niliugeuza, nikausugua upande wa pili, ule ambao jua halikuugusa, na hapo njano ilikuwa kaidi kweli, lakini mimi pia ni kaidi. Kufikia saa tisa mti wote ulikuwa mweupe, unameremeta, na ndani yake niliyaona meno yangu, yote.

Mume wangu alirudi jioni hiyohiyo, kabla ya mama yake, amekumbatia bonge la nta kama mtoto mchanga. Alisimama. Akautazama mlingoti wa njano, akautazama mti mweupe.

"Nani ameiba?" akauliza.

"Ameiba nini?"

"Mti wa daktari! Wameiba, wametuwekea bomba la maji!"

Nikamweleza kwa fahari. Aliketi chini palepale, na nta yake mapajani. Ndipo akaniambia jambo ambalo daktari alishamweleza, na ambalo hakuona sababu ya kumweleza mgeni: njano ile haikuwa uchafu, wala haikuwa rangi ya kupakwa. Kiwandani walikuwa wameipika ndani ya ngozi ya alumini yenyewe, na ngozi hiyo ikishaondoka hairudi. Mama mkwe aliporudi na dagaa zake alitutazama sisi, akautazama mti, akaingia ndani. Niliwaza gari la kunirudisha Kagongwa litapita siku gani.

Wazo la bizari lilikuwa la mume wangu, nataka lijulikane. Tuliyeyusha nta, tukakoroga bizari ya kopo zima, tukaupaka ule mti. Kwa mbali ulipendeza. Kwa karibu ulinukia pilau.

Jumamosi daktari alifika na kaptula nyeupe iliyopigwa pasi. Alitusalimia vizuri, akamwamkia mama mkwe shikamoo, miti ikafungwa mahali pake, tanga likapandishwa palepale ufukweni ili alitazame. Sisi tulisimama kama watu wa msibani. Jua likapanda. Nta ikaanza kulainika. Kwanza tanga likapata mstari wa njano, halafu mikono ya daktari, halafu akauegemea mti ili avute kamba, na alipogeuka, kaptula ilikuwa imepata habari zote. Akanusa kiganja. Akanusa tena.

"Nani anapika?" akauliza.

Alitoa leso, akafuta mti pale alipouegemea, nta ikatoka, na uweupe ukachomoza ukamwaka usoni. Akafuta zaidi. Alijiona humo ndani, na magoti yake mekundu.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, daktari," mume wangu akasema. Sauti ilikuwa ya mtu anayekiaga kibarua chake. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi, nami nikafungua mdomo nikane. Mama mkwe akaniwahi.

"Huyu?" akasema. "Daktari, huyu mwanangu hajawahi kuosha hata kikombe chake. Tazama vizuri. Kuna mwanamume anayesugua hivyo? Hiyo kazi ni ya mkwe wangu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nililia mbele ya watu, na wavuvi waliokuwa karibu wakadhani nalilia kaptula.

Daktari aliutazama mlingoti uliochujuka, akautazama mti unaowaka. Mwishowe alisema njano haitarudi tena, wala ile iliyoliwa na jua, wala ile niliyoisugua mimi, na kwamba mashua ya rangi mbili itamtia aibu. Akaniuliza kama naweza kuusugua mlingoti pia, miti ifanane. Kibarua kilibaki palepale. Kaptula aliipeleka misheni, na nasikia watawa walishindwa nayo.

Jumatatu nilikaa kwenye ncha moja ya mlingoti na majivu yangu. Mama mkwe akaja na chungu chake cha majivu, akaketi kwenye ncha nyingine, akaanza kusugua polepole.

"Bhebhe, wewe, unabonyeza sana," akasema bila kuinua macho. "Sufuria zangu umezifanya nyembamba kama karatasi. Miezi saba nasubiri uniulize majivu yangu nachekecha mara ngapi. Mgeni haulizi."

"Mara ngapi, mama?"

"Mara tatu."

Alumini iliyochunwa ngozi hufifia upesi, kwa hiyo tuliusugua mlingoti ule kila mwezi, miaka mingi, mpaka daktari alipostaafu. Wageni waliposhangaa mashua nyeupe kiasi kile, mume wangu na mimi tulitazama pembeni. Mama mkwe ndiye aliyewasimulia, mwanzo mpaka mwisho, na kila mara alianza hivi: "Mimi na mkwe wangu tuliiharibu mashua ya daktari."