Babu Aliyevuka na Kondoo Wake

Kanisa letu liliponiomba nianze kuhubiri kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, mama yangu aliweka kikombe mezani akasema, "Damu ile imetokea." Alisema kama mtu aliyegundua upele.

Damu ile ni ya baba yake, mhubiri wa Kibaptisti aliyefanya kazi mpakani mwa Kongo na Burundi enzi za uasi. Mama hakumwita baba hata siku moja. Alimwita "ule muhubiri", na habari zake alizimaliza kwa pumzi moja: vita ilipofika, ule muhubiri aliwavusha washirika wake mpaka Burundi, mke na watoto akawaacha nyumbani. "Kondoo alibeba, watoto aliacha." Halafu aliomba sukari. Mama ana kisukari, lakini baada ya maneno hayo hakuna aliyethubutu kumnyima.

Mimi nasuka nywele kwenye saluni moja karibu na South Beach, huku ugenini tulikohamia, na msusi hahitaji maktaba. Mtu akikaa saa tano mikononi mwako, atakutajia ukoo wake wote hadi mbuzi. Nikaanza kumuuliza kila mteja aliyetoka upande wa Uvira au Bujumbura kama wazee wake waliwahi kumtaja mhubiri wa namna hiyo. Kusema kweli niliogopa. Kabla sijasimama mbele za watu, nilitaka kujua kama mdomo niliorithi ni wa mtu mwoga. Katika miezi hiyo nilipata wahubiri watatu wasio wangu, mmoja wao padri, ambaye nilimwacha upesi kwa heshima ya bibi yangu.

Kisha siku moja mteja wa Kirundi akacheka nikiwa katikati ya kichwa chake. "Yule aliyekuwa anazamisha watu mpaka wanakunywa mto? Mama yangu alibatizwa na yeye. Mama mwenyewe iko hapa mjini, Sydenham, kwangu."

Jumamosi nikapanda taxi na mama. Nilimwambia tunakwenda kumsalimia mgonjwa. Mhubiri mtarajiwa, na tayari nimeshadanganya.

Huyo mgonjwa alitufungulia mlango mwenyewe. Alikuwa bikizee mdogo ambaye miaka ilimpunguza mwili ikamwachia ulimi. Alimtazama mama, akasema, "Hii sura naijua. Ni ya muhubiri."

Mama akanigeukia. Jicho lile nalijua tangu utotoni, na tungekuwa peke yetu ningetafuta pa kujificha.

Bikizee akatukalisha, akaanza kusimulia. Alisema babu alikuwa anahubiri mpaka ugali unakauka kwenye sufuria. "Akisema 'namalizia', tulijua iko bado saa moja nzima." Mama alitaka kucheka, akajifanya anakohoa. Kisha akatoa kilichomkaa moyoni.

"Dada, kama alikuwa mtu wa maneno mengi hivyo, mbona sisi alitutumia neno moja tu? 'Mungoje mpaka.' Mpaka nini? Mpaka kesho? Mpaka vita iishe? Mama yetu akasema basi, tungoje. Tulingoja ndani ya nyumba. Waasi walikuja, yeye hakukuja."

Bikizee akatikisa kichwa. "Hapana, mdogo yangu. Alisema mungoje ku mpaka. Pale ku bariyeri, wanapozuia njia. Alivusha kwanza wagonjwa na wazee, halafu akarudi pale kuwachukua ninyi. Mimi ndiye nilikuwa nampelekea chakula. Alikaa siku tatu. Mara mbili alijaribu kufika kwenu, basoda wenye bunduki wakamrudisha. Halafu wakafunga njia. Malaria ilimuua kwetu Burundi, hata mwaka haukuisha."

Herufi mbili tu. Kwetu "ku mpaka" ndiyo mpakani. Ukiiangusha hiyo "ku", watu wanabaki nyumbani wakisubiri mwisho wa sentensi.

Nami, kwa ujinga wa mtu anayetaka habari yote, nikauliza, "Sasa nani aliyeleta huo ujumbe?"

Mama alikuwa anatazama mikono yake.

"Ni mimi," akasema. "Alinikuta kisimani, anapita mbio na wagonjwa wake. Nilikuwa na miaka sita. Nilikimbia nikiliimba hilo neno nisilisahau. Mungoje mpaka, mungoje mpaka."

Nilitamani kuumeza ulimi wangu. Miezi yote ile nilihangaika kumsafisha babu, na sasa doa lilikuwa limemwangukia mama.

Bikizee akavuta kiti chake hadi magoti yao yakagusana. "Sikia. Huyu mutu alitupa maneno elfu kila siku ya Mungu. Siku moja tu katika maisha yake alisema kifupi, na hiyo siku alimpa mtoto wa miaka sita abebe. Kosa ni lake. Na alijua. Pale ku bariyeri alikuwa anasema, 'Ningemwambia arudie. Mbona sikumwambia arudie?' Wewe hakukulaumu."

Mama alicheka. Kisha akalia kwa sauti, na mimi nikalia naye.

Alipotulia aliuliza, polepole, "Siku tatu zote alikuwa anatungoja?"

"Anatazama barabara," bikizee akasema. "Hata chakula changu alikula amesimama, asikose kuwaona."