Saa Iliyolipiwa kwa Minazi

Mjomba wangu alikuwa na saa saba, na hakuwa na haraka ya kwenda popote. Alikuwa karani wa mizani katika ghala moja la mbata, nazi zilizokaushwa, pale Ukunda, kazi inayoanza magunia yakiletwa na kwisha magunia yakimalizika. Lakini saa alizipenda kuliko watu. Hayo nasema mimi. Yeye angesema alizipenda baada ya watu, tena angelisema kwa sauti nzuri, maana sauti nzuri alijaliwa.

Zote zilikuwa saa za mfukoni, za mnyororo, na hakuna hata moja aliyoinunua ikiwa mpya. Moja aliipata kwa baharia, nyingine kwa fundi aliyekuwa akihama. Aliposikia kwamba kule Majoreni kuna mjane aliyeachiwa saa na mumewe, alifunga safari hadi huko, akakaa siku mbili akimpa mkono wa tanzia, na siku ya tatu akarudi nayo. Kila saa, kabla ya kuinunua, aliitia sikioni, akafumba macho, akaisikiliza mpaka muuzaji akachoka kusimama. Ijumaa alivaa kizibao juu ya kanzu, akachagua moja ya kwendea msikitini. Watu waliojua udhaifu wake walimuuliza ni saa ngapi hata baada ya adhana kwisha, na yeye akaitoa polepole ili wote waione.

Mwenye kuzitia ufunguo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimerudi kwa mama baada ya kuachwa, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, sina mtoto, na mjomba, ambaye nyumba yake ilikuwa nyuma ya yetu pale Diani, akasema mkono wangu ni mwepesi. Mkaza mjomba, yaani mkewe, aliwahi kuitia moja ufunguo kama mtu akamuaye nguo, kikakatika kitu ndani, na tangu hapo hakuruhusiwa kuzigusa. Basi kila asubuhi nilivuka ua, nikafungua kisanduku, nikazizungusha moja baada ya nyingine. Niliifurahia kazi ile, sitakana. Katika nyumba ya mume wangu hakuna kitu nilichoaminiwa nacho ila chungu.

Riziki yetu, mimi na mama, ilikuwa minazi. Bibi mzaa mama aliipanda kwa mkono wake kwenye shamba la watu, na kwetu mnazi ni wa aliyeupanda, ardhi iwe ya nani. Tulikuna nazi, tukapika mafuta, tukashona makuti na kuwauzia Wazungu waliokuwa wakijijengea nyumba za mapumziko ufukweni, ambao walitaka paa kama zetu na sakafu kama zao. Mama alikuwa akiijua minazi ile kwa tabia. Alijua upi una nazi nene na upi unadanganya.

Sasa hapa lazima nieleze jambo, la sivyo yatakayofuata hayataeleweka. Sisi Wadigo, kwa ada ya wazee, tunafuata upande wa mama. Mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada yake. Wanawe yeye huangalia kwa wajomba wao. Kwa ada hiyo hiyo, mjomba ndiye aliyekuwa msimamizi wa minazi ya bibi, ingawa hakuweza kuuza hata mmoja bila ya mama kuridhia. Lakini sisi pia ni Waislamu, na dini ina mirathi yake, ambayo humpa mtu kwa baba yake. Njia hizo mbili zilipita katikati ya kila nyumba ya kwetu. Watu wema walichagua moja wakashikamana nayo.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, au na sita, mjomba aliporudi kutoka Mombasa na karatasi yenye picha. Duka moja la saa huko mjini lilikuwa likipokea majina. Kiwanda cha Uswisi kingetengeneza saa za namna moja, chache, halafu kisitengeneze tena abadani. Kila moja ingechorwa nambari yake mgongoni pamoja na jina la mwenyewe, na kwa pwani yetu zingeshuka za kuhesabika kwa vidole. Mwenye kuitaka atoe nusu ya bei sasa, na nusu ya pili saa ikishuka melini. Bei yenyewe ilikuwa ya kumfanya mtu aketi chini.

Nilimwona mjomba akihangaika kama mwari. Jioni alisema ataagiza, asubuhi akasema haagizi. Mara alisema kitu kisichotengenezwa tena hakiwezi kushuka thamani, mara akasema kitu kisichotengenezwa bado hakina thamani. Aliiweka ile picha ukutani, akaiondoa, akairudisha. Mkaza mjomba alimwambia kwamba saa saba zinatosha kumwonyesha mtu kuwa amechelewa, naye hakucheka. Akaniuliza mimi, kwa kuwa nilizijua.

Nikamwambia, "Mjomba, hujawahi kununua saa usiyoisikia. Hii utaisikilizia wapi, kwenye karatasi?"

Akasema nimesema kweli. Siku tatu hakuizungumzia. Nikadhani yamekwisha.

Kumbe alikuwa anatafuta mtu mwingine wa kumuuliza. Alikwenda Bongwe kwa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, mtu mchaji na mnyoofu, akamuuliza kama yafaa kulipia kitu ambacho hakijakuwapo. Aliporudi alitusimulia jibu. Kutoa nusu na kuacha nusu, alisema mwalimu, ni arubuni, na arubuni kwa madhehebu yetu haijuzu. Anayetaka kununua kitu cha baadaye na akilipe chote, papo hapo, katika kikao kimoja, kiwe kimeelezwa sifa zake na siku ya kufika. Ama sivyo aache.

Mimi niliposikia hivyo nilishukuru moyoni. Nusu yenyewe ilikuwa mlima, ataiweza vipi yote? Mtu mwenye haya angechukua neno lile kuwa mlango umefungwa. Mjomba aliligeuza likawa ruhusa. Alikuwa amepata namna ya kutoa fedha nyingi zaidi na kuiita ucha Mungu.

Siku ya pili yake akaja kwetu. Hakupitia mlango wa uani kama kawaida. Alipiga hodi mbele, amevaa kanzu safi, na mkononi amechukua halua. Mama alitandika mkeka mpya. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba kwa unyenyekevu kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Wakala halua, wakanywa kahawa, wakaulizana hali za watu waliokuwa hawajambo tangu asubuhi. Ndipo akalitoa neno lake.

"Dada, mimi sina la kukuficha," alisema. "Minazi ya mama nataka kuiuza. Yuko mtu wa kuichukua yote. Lakini siwezi kunyanyua mguu kabla ya kupata rai yako. Nimekuja kukuuliza. Ukisema hapana, ni hapana, na hatutalizungumza tena."

Mama aliinamisha uso, akawa anakunja ncha ya mkeka. Mimi si mtu wa kunyamaza, na ndiyo maana niliachwa, kwa hiyo niliingia pasipo kuitwa. Nikamuuliza mjomba tutakula nini. Akasema yeye yupo, hatuwezi kulala njaa yeye yupo. Nikamuuliza saa hiyo itakuwa ya nani.

"Ya kwetu," akajibu, wala hakukasirika. "Nikifa itakwenda wapi? Wanangu wana wajomba wao. Vitu vyangu ni vyenu, watoto wa dada yangu, na wewe unazijua saa kuliko wote. Minazi inazeeka, binti. Saa haizeeki."

Akatoka, akamwachia dada yake nafasi ya kufikiri. Adabu zake zilikuwa timamu, sikatai.

Usiku ule nilimsihi mama mpaka koo likanikauka. Nilimkumbusha mafuta, makuti, uzee wake, na mimi nisiye na mume. Alinisikiliza akitengeneza utambi wa taa. Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia.

"Baba yako alinioa bila kuniuliza na akaniacha bila kuniuliza. Baba yangu naye, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniuliza hata nguo ya sikukuu. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimezika. Leo mwanamume amepiga hodi mlango wa mbele, akakaa kwenye mkeka wangu, akaniuliza. Unataka nimwambie hapana?"

Nikamwambia kuulizwa kuna maana gani kama mtu hawezi kukataa. Akasema nitakapokuwa mtu mzima nitajua. Asubuhi akamwita ndugu yake, akamwambia ameridhia. Aliyasema akiwa amejinyoosha, na siku hiyo nzima alitembea kama mwenye nyumba.

Minazi ikauzwa. Mnunuzi akaja na mkwezi wake na tukawasikia wakiangusha nazi. Mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kununua nazi, akaanza kutuma senti kwa jirani kununua mbili za tui. Makuti sasa niliyashona kwa ujira, makuti ya minazi ile ile. Mjomba alitutumia unga na samaki mwezi wa kwanza, na wa pili. Wa tatu alisema mizani imekuwa baridi. Kila nikivuka ua kuzitia ufunguo zile saba, alinieleza meli iko wapi.

Saa ikaja baada ya msimu wa pepo za kusi kupita. Alikwenda Mombasa peke yake, akarudi jioni na feri ya mwisho, na kesho yake akatuita sote kwake. Mkaza mjomba alipika pilau. Mwanawe mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alikuwapo pia, na sikujiuliza kwa nini amepewa ruhusa katikati ya juma.

Ilikuwa nzuri. Ningependa kusema ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa nzuri, nyembamba, uso wake mweupe kama maziwa. Nilinyoosha mkono niitie ufunguo na mjomba akaivuta upesi.

"Hii haitiwi," alisema. "Duka limesema isizungushwe wala isivaliwe. Ikitembea tu inashuka bei."

Mama akaomba aishike. Mjomba akatazama vidole vyake, vidole vya mafuta ya nazi miaka yote, akampa kwanza leso yake ya mfukoni. Mama akaipokea saa juu ya leso kama anayepokea kitoto kichanga, akaigeuza. Yeye hakujua kusoma. Mimi nilipita chuoni, nikahitimu, na jina mgongoni mwa saa lilichorwa kwa herufi za Kiarabu, wazi kabisa. Lilikuwa jina la yule mwana wa bandarini.

Nikalisoma kwa sauti. Watu wakaacha kula.

Mjomba hakubabaika. Alisema kwa ile sauti yake nzuri kwamba mambo ya zamani yana mwisho, na kwamba mwalimu amemfahamisha kuwa mali ya mtu ni ya wanawe. "Sharia haimjui mpwa," alisema.

"Na minazi je?" nikamuuliza. "Kwa sharia, mama alikuwa na fungu lake mwenyewe, wala hukuwa msimamizi wake."

"Minazi ilikuwa mambo ya ada."

"Na saa?"

"Saa ni mambo ya dini."

Nilimwambia kwamba siku ya kuuza alikuwa mjomba na siku ya kurithisha amekuwa baba. Nilimwambia na mengine ambayo mwanamke hamwambii mjomba wake. Mkaza mjomba aliniomba ninyamaze. Yule mwana alitazama sinia. Mama ndiye aliyeninyamazisha, kwa kuniwekea mkono gotini. Saa bado ilikuwa kwenye leso mapajani mwake. Akamgeukia ndugu yake, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeuliza bei ya chumvi.

"Hayo ya sharia na mpwa, mwalimu alikwambia lini?"

Mjomba akasema ni siku ile ile, alipokwenda kuuliza mambo ya malipo. Aliyauliza yote kwa pamoja.

"Kabla ya kuja kwangu."

"Kabla, dada."

Mama akaikunja leso juu ya saa, akamrudishia.

"Basi hukuniuliza, ndugu yangu," akasema.

Akaomba maji anawe, akanawa, akaniambia twende. Mjomba alitufuata mpaka mlangoni akisema maneno mengi ya heshima, na mama hakuyajibu hata moja. Tangu siku hiyo sikuvuka ua. Mama aliishi miaka mingine mingi, akila kwa mkono wangu na makuti ya watu, na kwa jambo lolote, hata la kuolewa kwangu tena, kila nilipomtaka shauri alinijibu fanya utakavyo. Minazi nimekwisha kuisamehe. Hilo la kuulizwa sijalisamehe, na mjomba alikufa bila kuniomba radhi.