Majibu Lazima Yatoke kwa Simu

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya kliniki moja hapa Malaba, nimeenda kupimwa presha. Mbele yangu alikuwa mama anayeuza chai kando ya malori yanayongoja kuvuka mpaka. Ana pumu, na kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi hadi sisi wa nyuma tukaisikia. Zamu yake ilipofika akaketi mbele ya meza ya daktari, mlango ukabaki wazi.

"Mama, umejaza maswali ya leo kwa simu?" daktari akauliza, macho kwenye kompyuta.

"Imekataa, daktari. Inasema niko Uganda."

Sisi wa mpakani tunaijua hiyo. Simu hushika mtandao wa ng'ambo ukiwa umekaa kwako, na ile programu ya simu ambayo kliniki huwapa wagonjwa wa pumu wajaze hali yao kila siku, ikiona Uganda inajifunga.

"Basi panda kile kilima cha kanisa, utashika mtandao wa Kenya. Ukimaliza, urudi."

Mama akaweka kiganja kifuani, akatazama kilima, akamtazama daktari. "Si uniulize tu hapa nikujibu?"

"Majibu lazima yatoke kwa simu."

Programu yenyewe sina ugomvi nayo. Mama anasema ndiyo iliyomfundisha kukwepa vumbi la malori na kuvuta dawa yake kila asubuhi. Nikaichukua simu yake nikapanda mimi.

Huko juu ikafunguka. Swali la kwanza: "Je, unapata shida kupumua unapopanda mlima?"

Nikamjibia ndiyo, nikihema. Jibu hilo lilikuwa limeketi mbele ya meza ya daktari likipiga filimbi, na masikio anayo mawili.