Kanzu ya Nikahi Niliyojidarizia Mwenyewe

Nichekeni tu, jamani, mie mwenyewe siku hizi nacheka, ila siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kofia yangu kichwani.

Kazi yangu ni ukarani kwenye yadi ya makontena kule Kurasini, lakini nikirudi kwangu Tandika, hata viatu sijavua, nawasha mashine yangu ya kudarizi, ile ndogo ya nyumbani: unachora ua au ndege kwenye kompyuta, unabana kitambaa kwenye fremu ya plastiki, unabonyeza, sindano inajiendea yenyewe huku wewe unakunywa chai. Wenzangu wana mpira na bao, mie nina nyuzi. Na kwa kuwa vitambaa vya kujaribia havinitoshi, majaribio nafanyia kwenye singlendi zangu kuukuu (nani anaona singlendi ya mtu?), kwa hiyo kabatini nina singlendi yenye samaki, yenye nanasi, na moja yenye bata wa njano mgongoni, mnene, anacheka. Huyo bata mkae naye.

Basi nikapata mchumba, Zuhura, binti wa Mzee Seif mwenye duka la kanzu na vitambaa Temeke. Mzee hakuwa na imani na mie hata kidogo. Alimuuliza mshenga wangu, "Mwanaume mzima anashona maua?" Hata hivyo harusi ilipokaribia akaniita dukani, akanitandikia kanzu juu ya meza, zote za darizi ya mkono, akasema, "Chagua, mwanangu. Zawadi yangu." Mtu mwenye akili zake angechagua. Mie nikavimba kichwa nikajibu, "Ahsante baba, ila ya kwangu nitaidarizi mwenyewe." Akazikunja moja moja, akazirudisha kabatini.

Nikanunua kanzu nyeupe isiyo na nakshi, nikaanza. Shingo ikatoka bomba. Nilipofika kifuani umeme ukakatika, nikachomoa fremu na kanzu yake nikakaa nayo barazani naitazama kwa raha zangu, umeme uliporudi nikairudisha fasta fasta, nikabonyeza, nikaenda kuoga. Hapo anayejua kudarizi keshashika kichwa, maana kanzu ni kama mfuko, ina mbele na nyuma, ukibana upande wa mbele lazima wa nyuma uukunje pembeni usiingie chini ya sindano. Mie sikuukunja. Nikatoka bafuni nakuta kifua kinang'aa uzi wa dhahabu, nikapiga picha, nikairusha kwenye grupu la familia, pongezi zikamiminika, shangazi yangu Mwanaidi akaja kuichukua akaipige pasi na kuifukiza udi, na katika sie wote hakuna aliyeingiza mkono ndani.

Siku ya nikahi magari yako nje, nikaingiza mikono, nikaingiza kichwa, kichwa kikagoma. Nikasukuma, kikagoma. Niko mle ndani mikono juu, nanukia udi, sioni kitu, nasikia tu wajomba wanaulizana, "Vipi, mbona hatoki?" Shangazi akaja akanipapasa kifuani, akanipapasa mgongoni, akapiga kelele.

"Wewe Shabani! Umeshona kifua na mgongo pamoja!"

Kufumua uzi ule ni kazi ya siku nzima, na Mzee Seif akisema saa nne ni saa nne. Shangazi akachukua mkasi, akakata kitambaa cha nyuma kuzunguka darizi, kichwa kikatoka, na mgongoni pakabaki dirisha la ukubwa wa sahani. Nikamsikia akiguna, "Mh!", kama anataka kusema kitu, lakini honi zikaanza kulia nje. Akanivika koti. "Hili usilivue hata nyumba ikiungua."

Barazani kwa Mzee Seif wanaume wamejaa hadi mlangoni, joto la kupikia, feni moja tu nayo imeelekezwa kwa shehe. Mzee kakaa mbele yangu, tayari kunipa mkono wa kuniozesha.

"Vua koti, bwana harusi. Hapa nyumbani."

"Ahsante baba, sioni joto," nikasema, huku jasho linadondoka kutoka puani hadi kwenye mkeka.

Akaniambia tena. Nikakataa tena. Ndipo akaurudisha mkono wake mapajani.

"Shehe, tusubiri kidogo." Akanikazia macho. "Kijana, huyu ninayekupa ni mwanangu. Kama unaumwa, sema. Kama kuna jambo unalificha chini ya hilo koti, tulijue sasa, si kesho."

Nyuma ya pazia kulikuwa na Zuhura na hina yake, ananisubiri, na mie niliogopa jamani, siwafichi. Nikaona nikidanganya hapa, mke sina. Nikasimama, nikageuka, nikavua koti.

Babu mmoja aliyekaa nyuma ya Mzee Seif akauliza, "Yule si bata?"

Lahaula! Asubuhi nilivaa singlendi ya kwanza iliyokuja mkononi, kumbe ndiyo yenyewe, na dirisha la shangazi limemkalia sawasawa, kama kapigwa picha ya fremu. Watu wakaangua kicheko, mshenga wangu akafunika uso. Mzee Seif hakucheka. Akanyanyuka, akaingiza kidole kwenye lile tundu, akampapasa bata.

"Umeshona mbele na nyuma pamoja."

"Ndiyo, baba."

"Ukaikata."

"Shangazi, baba."

"Na bata?"

"Wangu, baba. Wa majaribio."

Akarudi kukaa, mabega yakaanza kutikisika, mara mzee kapasuka, anacheka mpaka machozi, anajifuta kwa leso. "Nilidhani una kidonda. Nilidhani umevaa hirizi. Kumbe bata! Haya, lete mkono."

Nikautoa mbio asije akabadili mawazo. Nikaozeshwa mgongo wazi, feni ikageuziwa kwangu, na sijawahi kuhisi upepo mtamu kama ule. Nilipoingizwa chumbani kwa bibi harusi, Zuhura kainamisha macho kwa haya zote anazotakiwa kuwa nazo, akaninong'oneza, "Geuka nimwone." Habari zilishapita kwenye pazia kabla yangu.

Tangu hapo sibonyezi kitu mpaka nimepitisha kiganja chini ya kitambaa, na mkubwa akinipa zawadi napokea kwa mikono miwili. Juzi Mzee Seif kaniletea kanzu yake mpya ya Idi, akaangalia kwanza kama kuna mtu anasikia.

"Nitilie bata," akasema. "Ila upande wa ndani, asionekane."

Nikapitisha kiganja mara mbili.